Bi Siwatu na Chungu cha Vitu Saba

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mfinyanzi, jina lake Bi Siwatu. Mimi sikumwona. Nilisimuliwa na bibi yangu, naye alisimuliwa na wa kwake. Kama kuna mahali tumeongeza chumvi, nisameheni. Mkifika mwisho mtajua kwa nini naomba msamaha mapema.

Kijiji kile kiliongozwa na wazee saba. Sita wanaume, wa saba Bi Siwatu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Mapunda, bwana wa fimbo na asali. Mtoto akikosea, fimbo: chwa! Akipatia, asali: nyamu! Mbwa, fimbo na asali. Punda, fimbo na asali.

"Kilichomo kichwani mwa mtu hakituhusu," alikuwa akisema. "Kichwa hakina dirisha. Sisi tunatazama mkono umefanya nini, basi."

Bi Siwatu alikuwa na punda wa kubebea udongo. Punda yule alifunzwa kwa fimbo na asali kufuata njia moja tu, toka bondeni hadi nyumbani, kopo kopo, kopo kopo. Mwaka mmoja mafuriko yakaikata ile njia. Punda akasimama. Akatikisa masikio. Akageuka, akakata katikati ya mashamba ya watu, mahali ambapo hajapita tangu azaliwe, akatokea uani kwa Bi Siwatu na udongo wake mgongoni.

Bi Siwatu akaenda kwa mkubwa wa wazee. "Mzee Mapunda, nani alimchapa aijue njia hii ya mashambani? Nani alimpa asali?"

"Bahati tu, mama."

"Si bahati. Punda ana kijiji kizima kichwani mwake. Kama punda anacho, sisi je?"

Tangu hapo Bi Siwatu akawa na kazi mbili, udongo na vichwa vya watu. Akiwatuma watoto vitu vitano, kavitaja mara moja tu, wanaleta vitano. Akiwatuma saba, wanaleta saba, wanatweta. Akiwatuma kumi, wanaleta vinne na kilio. Watu wakamcheka: "Bi Siwatu siku hizi anafinyanga bongo!" Naye akicheka pamoja nao.

Sasa sogeeni, maana kicheko kimeishia hapo.

Mwaka huo ghala la mtama likaungua. Mchana kweupe, wuu! wuu! wuu! Hadi jua linazama, chakula cha miezi sita ni majivu. Na njaa, ndugu zangu, haikubali kuja bila jina la mtu.

Msichana mmoja aitwaye Mashavu alikuwa akitoka kisimani saa ile. Akasema amemwona Pandu akipita karibu na ghala. Pandu ni nani? Ni ndugu yake Bi Siwatu wa tumbo moja, kitinda mimba. Mama yao alipokufa, Bi Siwatu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akatembea. Na adhabu ya mchoma ghala ilijulikana: kuvushwa mto, kuachwa ng'ambo penye simba na pasipo kisima, asirudi tena.

Kijiji kile hakikujua kuandika. Kilikuwa na desturi ya asubuhi saba. Shahidi alisimama barazani asubuhi saba mfululizo, akasimulia alichokiona, wazee wakamuuliza. Akifika asubuhi ya saba bila kigugumizi, neno lake limekuwa kweli. Wazee walijipiga mapaja wakiimba:

Mara ya kwanza, neno ni udongo!
Mara ya saba, neno ni chungu!

Kwa kuwa Pandu alikuwa ndugu yake, Bi Siwatu aliruhusiwa kukaa barazani, ila kuuliza hakuruhusiwa. Akakaa. Akasikiliza.

Asubuhi ya kwanza: "Mkononi alikuwa na nini?"

"Sikuona kitu. Mikono ilikuwa mitupu."

Mara ya kwanza, neno ni udongo!

Asubuhi ya pili: "Fikiri vizuri, mwanangu. Hakuna hata kitu kidogo?"

"Labda… kitu kirefu."

Asubuhi ya tatu: "Kitu hicho kirefu kilikuwa kinafuka?"

"Nadhani kilifuka."

Asubuhi ya nne kilifuka kweli. Ya tano kikawa kijinga cha moto. Ya sita cheche zikaruka. Asubuhi ya saba Mashavu alisimama wima, sauti haitikisiki, machozi yanamtoka. "Pandu alishika kijinga cha moto kwa mkono wa kulia. Nilisikia harufu yake. Aligeuka, akanitazama."

Mara ya saba, neno ni chungu!

Bi Siwatu akaruka juu. "Ndiyo, ni chungu! Lakini nani amekifinyanga? Siku ya kwanza alisema mikono mitupu!"

Wazee wakatazamana. "Hapana, mama. Kijinga alikisema tangu siku ya kwanza."

"Mikono mitupu! Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Na sisi tumesikia kwa masikio kumi na mawili," akasema Mzee Mapunda, kwa upole. Hakuwa anadanganya. Wote sita hawakuwa wanadanganya, na hilo ndilo lililomtia Bi Siwatu baridi mifupani. Akamgeukia Mashavu.

"Mwanangu, ulikiona?"

"Bibi, nakiona hata sasa. Nikifumba macho nakiona."

Mtoto wa watu hakuwa mwongo. Angekuwa mwongo, pangekuwa na dawa.

"Nipeni asubuhi moja," akasema Bi Siwatu. "Moja tu, kisha mfanye mtakalo."

Wakampa. Kesho yake akaja na chungu kilichofunikwa, akakiweka katikati ya baraza.

"Wazee wangu, nitataja vitu vilivyomo humu. Sikilizeni. Kuni. Mkaa. Majivu. Masizi. Figa. Kifuu. Upepeo." Kisha akawahadithia habari za mvua na za mbuzi mpaka jua likapanda. Ndipo akauliza: "Haya, nilitaja nini?"

"Kuni!" "Mkaa!" "Majivu!" "Upepeo!" "Moto!"

"Moto nilitaja?"

"Ulitaja," wakasema wote sita. Mmoja akaongeza, "Ulitaja wa pili, baada ya kuni."

Na wewe huko nyuma uliyetikisa kichwa kukubali, nimekuona.

Bi Siwatu akakipindua chungu, pu! Kikamwaga kijiti cha kuni, kipande cha mkaa, majivu kiganja kimoja, kigae chenye masizi, kijiwe cha figa, kifuu na upepeo. Saba. Akasema: "Moto uko wapi? Hamkuusikia. Mmeusikia vichwani mwenu, kwa sababu jamaa zake wote walikuwepo. Hivyo hivyo ndivyo Mashavu alivyokiona kijinga!"

Wazee wakainama, wakavihesabu. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, Pandu alikuwa amepona.

Kisha Mzee Mapunda akacheka taratibu. "Bi Siwatu, moto unakaaje chunguni na kifuniko? Umezimika. Kuutaja uliutaja."

"Aliutaja!" wakasema watano. "Aliutaja, tumesikia!"

Na nani angesema sivyo? Neno likishatoka halirudi kujitetea. Bi Siwatu aliwatazama mmoja mmoja, akaona hakuna hata jicho moja lenye hila. Akazoa vitu vyake vyote saba, akavirudisha chunguni.

Wakampeleka Pandu mtoni. Bi Siwatu akamshika mkono hadi penye mtumbwi. Pandu hakulia. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

"Dada."

"Naam, mdogo wangu."

"Nimewasikiliza asubuhi zote saba. Sasa naanza kukiona kile kijinga. Kiko hapa, kinanichoma kiganja. Dada, au ni mimi?"

"Si wewe!"

"Umejuaje? Wewe hukuwepo."

Bi Siwatu akakifunika kile kiganja kwa chake. Wakampandisha Pandu mtumbwini. Kasia likapiga maji, chubwi, chubwi, chubwi, mpaka ng'ambo. Huko Pandu alishuka, na hakuonekana tena.

Mwaka wa pili wakajenga ghala jipya. Wakawa na haraka, wakatia mtama ukiwa bado mbichi. Mchana mmoja ghala likaanza kufuka lenyewe. Hakuna mtu karibu, hakuna kijinga. Walipopenyeza mikono ndani, mtama ulikuwa unaunguza kama uji ulioteremshwa jikoni sasa hivi. Wakakimbilia maji, wakaokoa walichookoa. Kisha wakakaa chini, na kila mmoja akaelewa kwamba hata lile la kwanza halikuchomwa na mtu.

Jioni ile Mzee Mapunda akabisha hodi kwa Bi Siwatu. "Pole, mama. Unakumbuka nilivyomtetea ndugu yako? Niliwaambia wale wazee, mikono ilikuwa mitupu."

Akaja mzee wa pili. "Mimi niliwakataza." Akaja wa tatu. Akaja wa nne. Wa tano alilia kwikwi akieleza alivyoushika mtumbwi usiondoke. Wote sita, macho maangavu, hakuna hata mmoja aliyedanganya. Wa mwisho akaja Mashavu, akapiga magoti.

"Bibi, mimi nilisema mikono mitupu. Asubuhi zote saba."

"Basi, mwanangu," akauliza Bi Siwatu, "nani aliyemvusha Pandu mto?"

Mashavu akafikiri sana. "Sikumbuki, Bibi."

Bi Siwatu hakumlaumu. Alimpa maji ya kunywa, akamwambia aende nyumbani. Hasira ilikuwa imemwisha, ikabaki huzuni tupu. Alirudi kwenye udongo wake, akajaribu kukumbuka siku ile mtoni. Aliona Pandu akishuka ng'ambo, akigeuka, akimpungia mkono. Ulikuwa mkono mtupu. Alimwona waziwazi. Na hapo akaangua kilio, kwa sababu alikuwa amekwisha kukumbuka hivyo mara nyingi mno, na hakujua tena kama Pandu aligeuka.

Alikufa bila kujua.

Basi watoto wangu, aliyeona jambo na kulisema mara moja, msikilizeni. Aliyelisema mara saba, mwoneeni huruma, na msimvushe mtu mto kwa neno lake. Hadithi yangu imekomea hapo. Nimeisimulia nilivyoisikia, na nimekwisha kuisimulia zaidi ya mara saba.