Mawinga Wanne na Kiti Kimoja

Hapo zamani, na wala si zamani ya kuulizia kwa mabibi, ni misimu michache tu iliyopita, katika kijiji kimoja cha milimani Lushoto, walikuwepo watu watatu wenye timu moja. Timu yenyewe haikuwa na jezi wala uwanja. Ilikuwa ndani ya simu. Mchezo wa fantasi mnaujua: unachagua wachezaji wa ligi ya Uingereza, wakifunga kweli huko kwao, wewe unapata pointi huku kwako. Kila wiki unapanga nani aanze na nani akae benchi. Dakika tisini kabla ya mechi ya kwanza, mlango unafungwa. Ukichelewa, kikosi cha wiki iliyopita ndicho kinachocheza.

Bwana Singano, mwenye banda la kuonyeshea mpira, alianzisha mashindano ya timu ishirini. Zawadi ilikuwa safari ya Dar es Salaam, kwenda na kurudi, na kiti uwanjani siku ya mechi ya watani wa jadi. Kiti kimoja. Mashindano yangefungwa wikiendi ya kwanza ya Aprili.

Wa kwanza kati ya wale watatu alikuwa Mzee Shemdoe, fundi viatu. Redio yake haikuzimwa tangu asubuhi, na yeye ndiye aliyechagua wachezaji. Wa pili alikuwa Hoza, kinyozi wa chumba kilichopakana na cha mzee, aliyewahi kuwa winga mzuri mpaka goti likamkatalia. Huyu kazi yake ilikuwa kubisha. Wa tatu alikuwa Zaina, muuza maandazi, mwenye simu. Kijijini mtandao haukushika, hivyo kila Jumamosi Zaina alimaliza biashara, akapanda mlima mwendo wa saa nzima mpaka kwenye jabali, akapanga kikosi, akashuka.

Je, walikubaliana kiti kitakuwa cha nani? Thubutu! Walianza wakiwa nafasi ya kumi na saba. Nani angezungumzia kiti?

Lakini Zaina alikuwa ameshajigawia kimoyomoyo. Miaka kumi na miwili alikuwa akiangalia mpira kwa Singano, amesimama nyuma, visogo vya wanaume vikimziba goli. Alitaka siku moja tu auone uwanja mzima, kona zote nne, bila kisogo cha mtu. Aliitaka siku hiyo mpaka ikawa inamuuma.

Basi wiki ikaja, wiki ikapita. Mzee Shemdoe akachagua, Hoza akabisha, Zaina akapanda mlima. Wakafika nafasi ya tisa. Mvua za vuli zikanyesha, njia ikawa utelezi mtupu. Mzee Shemdoe akachagua, Hoza akabisha, Zaina akapanda mlima. Wakafika nafasi ya pili, na wiki ikabaki moja.

Ijumaa ya mwisho walikutana kwa Hoza. Timu yao ilikuwa na mawinga wanne, nafasi zikiwa mbili. Wawili wa siku zote walikuwa yule waliyembandika jina la Kipara na mwenzake Mdenmaki, ambao kwa wiki tatu hawakuwa wamefunga hata la kuotea. Benchi walikaa vijana wawili wapya waliokuwa wa moto kwelikweli.

"Wapya waanze," akasema Mzee Shemdoe. "Kipara amechoka. Redio nzima inasema."

"Mzee, mimi nimecheza pembeni," akasema Hoza. "Winga akikaa wiki tatu bila goli, ana njaa. Na kesho anakutana na beki mzito. Waacheni walewale."

"Wewe bwana mdogo, ulicheza na mbuzi wakipita uwanjani. Dada Zaina, unasemaje?"

Zaina alipiga hesabu ya msimu mzima. Mzee alikuwa amewatoa mbali. "Namfuata mzee," akasema.

"Sawa," akasema Hoza, akachukua mkasi wake.

Jumamosi Zaina akapanda. Mlango ulikuwa ukifungwa saa nane mchana, na yeye alifika saa saba na nusu, kama kawaida yake. Akafungua simu. Pamefungwa! Akaangalia saa, akaangalia tena. Ndipo akakumbuka: ikifika mwisho wa Machi, Waingereza husogeza saa zao mbele, na kwetu mechi huanza mapema. Mlango ulikuwa umefungwa saa saba. Kipara na Mdenmaki walikuwa ndani, vijana wa moto walikuwa benchi.

Alishuka kijijini. Mzee Shemdoe akamuuliza, "Tayari?"

"Tayari," akasema Zaina. Alidanganya, na alijua anadanganya.

Jumatatu jioni Singano akarudi kutoka mjini kwenye mtandao, akasoma matokeo. Wa kwanza, kwa tofauti ya pointi nne, timu ya Zaina na wenzake! Banda likalipuka. Mzee Shemdoe akainua mikono, kisha akaishusha. Kijana mmoja mpya alikuwa amepewa kadi nyekundu, na mwingine hakuingia kabisa. Pointi zilitoka wapi? Singano akawaonyesha: Kipara mabao mawili, Mdenmaki moja.

Zaina akaeleza yote: mlango, saa, na uongo wake.

Mzee Shemdoe akamgeukia Hoza. "Na wewe mbona hushangai?"

"Nilijua," akasema Hoza. "Redio yako ilitangaza mara tatu habari ya saa, mzee. Ukuta wetu ni mmoja. Wewe ulikuwa unasikiliza mawinga tu."

"Ukanyamaza?"

"Mliniuliza mawinga, nikajibu, mkanikatalia. Saa hakuna aliyeniuliza. Na nani alikuwa sahihi? Kiti ni changu."

"Changu!" akasema Mzee Shemdoe. "Wiki moja nimekosea, sawa. Zile nyingine zote nani alichagua? Bila mimi mngekuwa nafasi ya kumi na saba mpaka leo. Miaka arobaini nasikia uwanja ule redioni. Macho yangu yameanza ukungu. Nikikosa mwaka huu, nitaendelea kuusikia tu."

Zaina naye akasema. "Mzee kachagua akiwa amekaa. Hoza kabisha akiwa amekaa. Mimi nimepanda mlima wiki zote hizo, kwa simu yangu na kwa miguu yangu. Hata hiyo siku ya kuchelewa nilipanda. Mngeniambia saa, ningewahi, na tungeshindwa. Nimewadanganya, ndiyo. Lakini ni nani kati yenu aliyewahi kuliona lile jabali?"

Mzee Shemdoe akafuta macho kwa mkono wenye gundi. Hoza akalishika goti lake. Zaina akatazama mbele, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, hakuna kisogo kilichomziba.

Singano alikuwa ameshafungua daftari la safari. Mwenye basi alitaka jina la abiria kabla jua halijazama, na mstari ulikuwa mmoja. Kalamu iko juu ya karatasi, wenzangu, na Singano anawaangalia nyinyi. Mzee aliyewafikisha pale, akakosea siku ya mwisho? Kinyozi aliyekuwa sahihi, akawaficha wenzake saa? Au mama wa maandazi aliyeupanda mlima wiki zote, akashuka na uongo?

Haya, semeni: aandike jina la nani?