Kwa Nini Mmea wa Maboga Hutambaa Hadi kwa Jirani

Hapo zamani, mawe ya mlimani yalipokuwa bado hayajapoa, mmea wa maboga ulisimama wima kama mpapai. Shina lake lilikuwa laini, na boga lilining'inia juu, mwenye shamba akalitungua kwa upembo, fimbo ndefu yenye ndoano.

Siku hizo Wakesho na wanawake wenzake watano walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha watu kupanda mboga karibu na jiko. Walionyesha namna ya kuchanganya jivu na samadi, na namna ya kuchuma ua dume asubuhi na mapema, kuligusisha kwenye ua jike, ili boga lishike. Hawakudai hata kikombe cha uji. Sharti lao lilikuwa moja tu: ukishajua, mfundishe jirani, na umpe mbegu za mavuno yako ya kwanza.

Mwadime alifundishwa na Wakesho mwenyewe siku saba mfululizo, na maboga yake yakawapita wote. Jirani yake alikuwa Mghoi, mjane mwenye watoto wanne, na mwaka huo mvua zilikuwa haba. Mwadime akampelekea mbegu mbele za watu, akasifiwa sana.

Mbegu hazikuota. Mghoi akapanda tena, wapi. Wakesho alipokuja kutazama, alimkaripia.

"Mwenzangu, nilikuonyesha, hukunisikia. Unazifukia chini mno."

Mghoi akapanda mara ya tatu, juu juu kama alivyoagizwa. Watoto wake walikuwa hawajala tangu jana.

Hizo nazo zilipokataa kuota, Wakesho alifukua mbegu moja, akaipasua kwa ukucha. Kiini kilikuwa kimeiva. Mwadime alikuwa amezichemsha, akazianika juani, ndipo akazitoa zawadi, ili maboga yabaki kuwa yake peke yake.

Wakesho alikasirika sana. Alimkasirikia Mwadime, akajikasirikia na yeye mwenyewe kwa kumlaumu mjane asiye na kosa. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio wa miiba.

"Mwadime, mimi nilikupa ujuzi bure. Wewe umempa mama wa watoto wanne mbegu za kuchemsha?"

"Shamba ni langu," Mwadime akasema. "Nilichotoa nimetoa."

Mmea ulisikia, ukaona haya kusimama kwa mtu wa namna hiyo. Mchana ule ule ulilala chini, ukapenya chini ya miiba, ukaenda kuzaa mlangoni kwa Mghoi. Mwadime akaushika ili aurudishe kwake. Ukaota vinyweleo vikali, vikamchoma viganja.

"Nisamehe, Mghoi," Wakesho akasema. "Chuma upike."

Na tangu siku hiyo mmea wa maboga hutambaa, shina lake hukwaruza mkono, na boga lililozaliwa kwa jirani halidaiwi. Tena kwetu hakuna anayepokea mbegu zilizokwisha kuanikwa. Boga hupasuliwa mbele ya anayepewa, mbegu zikiwa bado zinateleza, ndipo anyooshe mkono, hata kama anayempa ni ndugu yake wa tumbo moja.