Ni Nani Aliyewasha Kisiagi?

Nawapa kesi, na nawapa haraka, kwa sababu mtoto wangu Nafula amelala na akiamka sitasema tena neno la maana. Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo, halafu mtuamulie, maana wenyewe tumeshindwa.

Hapa Nakuru walikuwako watu watatu, na bendi yao iliitwa Makapi. Walipiga skrimo, ule muziki wa gitaa la mbio na mayowe ya kutoka tumboni, ambao redio hazikuucheza na wazazi waliukemea kwa maombi.

Ombati alikuwa na mapigo. Mpe sufuria, mpe meza, mpe goti lake mwenyewe, atakutolea mwendo wa kukuamsha kitini.

Gathoni alikuwa na gitaa na maneno. Aliandika nyuma ya daftari la Kemia, na ukisoma unajiuliza kama jana jioni alikuwa amejificha chini ya kitanda chenu.

Wa tatu alikuwa na koo. Akipiga yowe, mbwa wa mtaa wa pili walijibu. Huyo wa tatu ni mimi, Nanjala, na afadhali mjue mapema, msije mkasema nimewaficha.

Tulifanyia mazoezi katika kisiagi cha mahindi cha baba yake Ombati, na Ombati mwenyewe ndiye aliyekuwa msagaji. Mashine ikinguruma, mayowe yangu hayakuvuka mlango. Ikizimwa, majirani wanakuja na rungu. Kwa hiyo tulingoja wateja. Mama mmoja akileta mikebe miwili ya mahindi, zile gorogoro, tunapata wimbo mmoja. Mahindi yakiisha, wimbo umeisha. Ndiyo maana nyimbo zetu ni fupi hivyo. Vijana wa siku hizi wanasema ni usanii. Usanii gani? Ni mahindi!

Tulitoka humo weupe kuanzia nywele hadi viatu, na wivu tayari tunao. Mimi nilimwonea Gathoni wivu kwa sababu kila mtu aliuliza nani kaandika. Gathoni alinionea mimi kwa sababu macho yote yalikuwa kwangu. Ombati alituonea sisi wote wawili kwa sababu mpiga ngoma hukaa nyuma.

Mwaka wa pili tukaitwa kwenye tamasha la mchana, ukumbi mmoja mjini. Tukapanda jukwaani. Ombati akainua vijiti. Kimya. Jamani, hatukuwahi kupiga katika kimya! Miaka miwili ile mashine ilikuwa ikitupa mwendo, na hakuna kati yetu aliyelijua hilo. Tukaanza, kila mtu na njia yake, kama watu watatu wanaokimbia mvua. Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Rudini mkasage!" Wengine wakaanza kutoka kwenda kununua viazi vya kukaanga nje.

Hapo Ombati akaweka vijiti chini. Akafumba macho, akaanza kupiga mbao za jukwaa kwa mguu: taf, taf, taf, vile mkanda wa mashine ulivyokuwa ukipiga. Hakuacha, hata walipomzomea. Akapiga mpaka mimi na Gathoni tukageuka kumtazama, kwa sababu tulikuwa tumesikia sauti ya nyumbani, ya kisiagi.

Hapo Gathoni akaachilia gitaa likaning'inia. Akawaendea walewale waliokuwa wakicheka, akawaambia, "Mnajua kucheka? Basi ngurumeni. Hivi, kifuani, mdomo umefungwa." Akawafundisha safu kwa safu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, mpaka ukumbi mzima ukanguruma kama mashine yenye mahindi mdomoni.

Hapo maikrofoni yangu ikafa. Nikaitupa, nikavuta pumzi, nikapiga yowe bila chombo chochote. Waliokuwa kwenye viazi wakarudi wakikimbia, wengine bado wameshika chupa za tomato. Ngoma ikaingia, gitaa likaingia, tukaumaliza wimbo watu wakiwa wamepanda juu ya viti.

Mtu alirekodi kwa simu. Mwezi uliofuata tukavunjika, kisa ni bango: jina la nani litangulie. Lakini ile rekodi haikuvunjika. Imekwenda Eldoret, imekwenda Kisumu, na leo, miaka saba baadaye, bendi za mayowe haziimbi wimbo wa kwanza kabla watazamaji hawajanguruma. Wanaita kuwasha kisiagi.

Sasa amekuja msichana mchoraji, Achola, mwenye bendi yake. Anataka kuchora kwenye mlango wa kisiagi uso wa aliyewasha. Mlango wenyewe ni mwembamba, wa bati. Tulipokutana pale juzi, Achola alisema, "Basi niwachore wote watatu, wadogo wadogo."

"Mimi sichorwi kama picha ya kitambulisho," Gathoni akasema.

"Na mimi mtaniweka wapi? Nyuma tena?" Ombati akauliza. "Bila mguu wangu mngekuwa bado mnachekwa mpaka leo."

"Mguu!" Gathoni akacheka. "Nani hunguruma kwa mguu? Wanachofanya watoto hawa ni kile nilichofundisha mimi. Mama Nafula, si umwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba watu walirudi kwa yowe langu," nikasema. "Mlikuwa mmebaki kunguruma na viti vitupu."

"Haya, lipige sasa tusikie," Gathoni akasema polepole, akinitazama moja kwa moja. Anajua. Tangu nizae, nikijaribu, inatoka hewa tu.

Na kuna jambo ambalo wao hawalijui. Mama mkwe wangu husaga pale kila Jumamosi. Ananijua kama mkamwana mpole. Husema alinikubali kwa sababu sipazi sauti. Wiki jana kijana alipita na simu yake ikicheza rekodi ile. Mama akamziba Nafula masikio kwa viganja vyote viwili, akasema, "Hayo ni mapepo, mwanangu." Lilikuwa yowe langu. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Uso wangu ukikaa mlangoni, atautambua kabla hajatua gunia. Nikifukuzwa, nitakwenda wapi na mtoto wa miezi mitano? Naogopa. Basi ningekaa kimya, sivyo? Ningempa Ombati, ningempa Gathoni, yaishe. Siwezi! Nikifumba macho naona uso wa Gathoni kwenye bati lile, na watoto wakimpigia picha, na roho inawaka. Binti yangu atapitishwa hapo mgongoni, na hatajua kwamba mama yake aliwahi kusikika.

Achola anakuja Jumamosi na rangi. Ondoa mguu wa Ombati, hakuna kitu. Ondoa ngurumo ya Gathoni, hakuna kitu. Ondoa yowe langu, watu wako kwenye viazi. Mlango ni mmoja, uso ni mmoja.

Mtoto anajinyoosha, semeni upesi, na msiamue kwa kunihurumia. Je, brashi ingekuwa mkononi mwako, ungemchora nani?