Rekodi ya Siku ya Tisa

Msomee kisa hiki kijana yeyote unayemjua anayejaza fomu za masomo ya ng'ambo.

Alikuwapo kijana aitwaye Efrem Ndunguru. Wazazi wake walikuwa Wamatengo wa Mbinga, lakini yeye alizaliwa na kukulia Morogoro, na Kimatengo chake kiliishia kwenye salamu.

Chuo kimoja cha ng'ambo kilitangaza ufadhili wa shahada ya uzamili: kuifundisha kompyuta kusikia na kusema lugha ambazo hazina maandishi mengi. Nauli, ada na chakula, vyote juu yao. Nafasi ilikuwa moja tu. Mwombaji alitakiwa kuleta saa ishirini za sauti ya mzungumzaji wa lugha anayoielewa vizuri. Efrem akaandika kwenye fomu: "Kimatengo. Nakielewa kikamilifu."

Akapanda Mbinga kwa shangazi yake, Koleta Ndunguru, mjane aliyeishi peke yake na mibuni yake. Akaweka kinasa sauti mezani.

"Shangazi, taa hii nyekundu ikiwaka, lisitoke hata neno moja la Kiswahili. Likitoka, kazi imeharibika."

"Na wewe utanijibu nini?"

"Mimi nitaguna tu. Wewe sema."

Siku kumi Bi. Koleta alichambua kahawa huku akisema: kilimo cha ngoro, yale mashimo ya mlimani ya Wamatengo, misiba, harusi, ugomvi wa mipaka. Alipocheka, Efrem alicheka. Alipotulia, Efrem aliguna.

"Mashine yako hii ina tumbo gani?" shangazi alimtania jioni moja, taa ikiwa imezimwa. "Nailisha tangu Jumatatu, haishibi!"

Saa ishirini zilipotimia, Efrem alifunga mizigo akawahi basi. Rekodi akazituma kama zilivyo.

Miezi minne baadaye aliitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Wasaili walikuwa watatu. Profesa mgeni alimsifu: sauti safi, Kiswahili hakimo hata chembe. Efrem akaona safari imeiva.

Ndipo msaili aliyekaa pembeni, Dakta Skolastika Hyera, akabonyeza kompyuta yake.

"Hii ni siku ya tisa. Bibi anasema nini hapa?"

Sauti ya shangazi ikajaa chumbani, ya chini, ya polepole. Efrem alitega sikio. Hakuambulia kitu.

"Anaeleza... namna ya kukausha kahawa."

"Sikiliza tena, mwanangu."

"Ni kahawa, Dakta."

Dakta Skolastika hakupandisha sauti. "Mimi ni Mmatengo. Bibi anasema: 'Efrem, jicho langu la kushoto linaniuma tangu jana, na naona giza. Nakuomba kesho unipeleke hospitali.' Anasema mara mbili. Na huyu anayeguna kukubali ni wewe."

Efrem aliinamisha macho kwenye viatu vyake, vipya, alivyonunua kwa ajili ya siku ile. Jicho lile lilikuwa limekwisha kufa. Alipopigiwa simu kuambiwa, alituma pole.

Hakuna aliyemfukuza. Profesa alifunga faili taratibu, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Nafasi alipewa mwingine. Efrem hakwenda kwao Morogoro, alikwenda Mbinga. Bi. Koleta alimgeuzia shavu la kulia ili amtazame kwa jicho la kulia.

"Haya, wanakupeleka lini?"

"Hawanipeleki, Shangazi."

"Kwa nini? Na maneno yote yale niliyokupa?"

Efrem akapiga magoti. Akamweleza kwamba tangu siku ya kwanza hakuwa akielewa; kwamba aliona haya kusema, yeye Mmatengo mwenye jina la Ndunguru; kwamba hata siku ya tisa aliguna tu.

Bi. Koleta aliacha kuchambua kahawa.

"Kumbe hukuelewa," alisema. "Mimi nilijua umesikia, ukaona jicho la mwanamke mzee si kitu mbele ya masomo yako. Nikaona aibu kukuomba tena."

Funzo: Usipoelewa, sema huelewi. Anayekuamini hulichukua kila itikio lako kuwa jibu, na huenda anakuomba jambo ambalo kesho halitatendeka tena.