Sanda ya Sato

Zamani hizo sato hakujua ugonjwa. Alizaliwa na ute wake mwilini, akazeeka nao, na aliyemvua alimshika kwa mikono iliyolowa maji, kwa sababu ndivyo Ziwa lilivyotaka. Enzi hizo Ziwa lilikuwa likisema. Siku hizi limenyamaza, na halina kosa, limeona mengi.

Basi palikuwa na mjane, Nyangeta, mke wa marehemu Magesa. Siku ya kuanua matanga ilikuwa imekaribia, na desturi ya ukoo ule ilikuwa ngumu: mjane awalishe wakwe samaki wa mkono wake mwenyewe. Wakiridhika, anabaki na nyumba na shamba. Wasiporidhika, anafunga mzigo. Nyangeta alivua sato arobaini, akawafungia wazima ndani ya uzio wa matete ukingoni mwa maji.

Wifi yake Nyafuru, mwanamke ambaye hata uji aliunusa kabla ya kuunywa, alipita akachungulia.

"Wifi, hawa ndio wa kutulisha? Wana makamasi kama watoto wa jirani."

"Ni ute wao, wifi."

"Ute wao, kwenye matanga ya kaka yangu."

Nyangeta alilala akiliwaza neno lile. Asubuhi yake alichukua mchanga mkavu na majivu, akamtoa sato mmoja mmoja akamsugua, hata wote arobaini wakang'aa kama kisu kilichonolewa. Akawarudisha majini, ameridhika.

Siku ya tatu alikuta wameota weupe migongoni na mapezini, laini kama pamba iliyochambuliwa. Akaung'oa. Kesho yake ulirudi, mzito zaidi. Akapiga magoti matopeni akaliuliza Ziwa kwa nini linamwonea.

"Umewavua nguo," Ziwa likasema. "Nami sina nguo nyingine ya kumvika aliyevuliwa. Ninayo sanda tu."

"Warudishie ute wao. Nitafukuzwa."

"Ute walizaliwa nao. Sina wa pili."

Mwenye akili angekwenda kwa mama mkwe akasema ukweli. Nyangeta hakwenda, aliogopa kufukuzwa. Siku ya matanga aliung'oa ule weupe hadi wa mwisho, akawapanga sato kwenye ungo mbele ya ukoo mzima wakaguliwe kabla ya kupikwa, migongo safi. Nyafuru hakuigusa migongo. Alimwinua shavu samaki wa kwanza kwa kidole. Ndani palikuwa na weupe ule ule.

"Wifi," alisema taratibu, "unatulisha maiti aliyekwisha kuvikwa sanda?"

Hakuna aliyecheka. Nyangeta akaketi chini, akawafungua mashavu wote arobaini, mmoja baada ya mwingine, huku akieleza habari ya mchanga, ya majivu, na ya Ziwa. Ukoo ulikula mboga za majani siku ile.

Mama mkwe aliusogeza ule ungo kando. Kisha akasema, "Nyumba na shamba utabaki navyo, kwa kuwa umewafungua wote mwenyewe. Ila samaki wako hataliwa tena kabla hujamfungua shavu kwa mkono wako, bila kuombwa." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, ulimi wako ndio uliotangulia kushika mchanga."

Na tangu siku hiyo sato aliyechubuliwa na wavu au na mikono mikavu huota weupe ule, akavaa sanda yake angali anaogelea. Ndiyo maana gulioni muuzaji wa kweli humfungua samaki shavu kabla hujauliza bei. Ukimwona anammwagia maji mgongoni na kukuonyesha mkia, mpite. Huyo anakumbuka vizuri alivyoanza Nyangeta, amesahau tu alivyomaliza.