Neno la Mwisho la Kipanga

Paukwa!

— Pakawa!

Mwenye goti bovu?

— Asogee mbele!

Basi nipisheni, maana wa kwanza ni mimi. Nimezunguka nchi saba, na goti hili limelalamika katika zote saba.

Hapo kale, farasi walipokuwa wakisema kama mimi na wewe, aliondokea kijana jina lake Vuai. Hakuwa na baba, hakuwa na mama, hakuwa na mke. Alikuwa na farasi wake, Kipanga, basi. Wakila pamoja, wakilala pamoja, wakigombana pamoja.

"Vuai, leo wanuka."

"Na wewe jana, je?"

Ndivyo walivyopendana.

Na Kipanga alikuwa na mbio, jamani! Akipita, kuku hushtuka baadaye. Lakini siku moja, katikati ya mbio, akakanyaga shimo. Ukano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya mguu, ukachanika ndani kwa ndani. Mguu ukavimba, ukawaka moto.

Akaitwa Bi Mwanakombo, mganga wa farasi. Akamwuliza mgonjwa mwenyewe, kama waganga wote wa zamani zile.

"Waumwa?"

"Naumwa, bibi."

"Basi, mjukuu wangu Vuai, mtembeze majini, pwani. Umwongoze kwa kamba, taratibu, taratibu, taratibu. Uvimbe utaondoka mapema, usikuhadae. Ndani bado ni uzi mbichi. Usimpande mpaka aseme mwenyewe kwamba haumwi."

Vuai akamwongoza. Taratibu, taratibu, taratibu. Na kila jioni walipita mbele ya Dadi, mwenye farasi wa pili kwa mbio, amekaa barazani na wenziwe.

"Vuai! Huyo ni farasi au mbuzi wa harusi?"

Watu kwa kicheko!

"Au ndiye mkeo, wampeleka matembezi?"

Vuai huvuta kamba, akapita zake. Akifika zizini, huzika uso shingoni mwa Kipanga, na shingo ikalowa. Maji ya bahari yana chumvi, na machozi yana chumvi. Farasi alijua tofauti.

Sikukuu ikakaribia, na mashindano yake. Dadi akapaza sauti: "Mwaka huu nashindana na kivuli changu!"

Kipanga akasikia. Usiku kucha akawaza. Kulipokucha akakanyaga sawasawa, akaung'ata mdomo kwa ndani, wala hakuchechemea. Akaitwa Bi Mwanakombo.

"Waumwa?"

"Siumwi."

"Kipanga, waumwa?"

"Siumwi, bibi."

"Nitazame machoni. Waumwa?"

"Siumwi."

Bibi wa watu hajapata kusikia farasi akidanganya. Nani alipata? Akaenda zake.

Na Vuai? Ah, Vuai. Alfajiri ile alikuwa ameushika ule mguu. Ulikuwa na joto. Akajiambia: ni jua. Na jua lilikuwa halijachomoza.

Siku ya sikukuu wakakimbia. Wakampita mmoja, wakampita wa pili, wakampita Dadi! Watu vigelegele. Mara, ta! Kama kamba ya ndoo ikikatikia kisimani.

Vuai akapiga magoti mchangani. "Kipanga! Mbona hukuniambia?"

"Walikuwa wakikucheka."

Hilo likawa neno lake la mwisho. Hakusema tena, wala farasi mwingine hakusema tena, kwa haya ya ule uongo. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humwumbua. Kipanga hakufa. Aliishi, mguu umepinda, na Vuai akamwongoza majini kila jioni mpaka wote wawili wakaota mvi. Wakipita barazani, Dadi husimama, akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Vuai alitamani wangecheka.

Ndiyo maana hadi leo mganga wa farasi haulizi. Huinama, akapapasa mguu, akangoja mkono umwambie.

Hadithi yangu imefika zizini. Ikiwa tamu, iongozeni taratibu hadi kwenu. Ikiwa chungu, niachieni mimi.

— Na goti, mzee? Lauma?

Haliumi.

Msiniulize, wanangu. Papaseni.