Jiwe Ambalo Sonara Alitaka Kuling'arisha

Wapendwa, nisikilizeni. Alikuwepo sonara mmoja, Kundaeli. Binti yake, Aikande, alikuwa anaolewa, naye akataka kumtengenezea kidani chenye tektaiti, lile jiwe jeusi lililo kama kioo, ambalo watu husema limeshuka mbinguni.

Akatafuta mtandaoni. Muuzaji wa kwanza alikuwa na mawe matatu yanayong'aa. Kundaeli akazikuza picha kwenye simu. Vishimo vilevile, mahali palepale, kwenye mawe yote matatu!

"Haya ni vioo tu, vimemiminwa kwenye kalibu moja," akasema, akaachana nayo.

Muuzaji wa pili alikuwa na jiwe moja tu, limefifia, limejaa vishimo na mifereji iliyopinda. Kundaeli akampigia simu.

"Ndugu yangu, hili limetoka nyota gani?"

"Halikutoka nyota yoyote. Ni udongo huu huu tunaoukanyaga. Zamani sana kimondo kiliipiga ardhi, udongo ukayeyuka, ukarushwa juu mno, ukapoa huku ukirudi. Hizo alama ni za safari yake, na za miaka yote ambayo limelala ardhini."

Jiwe lilipofika, Kundaeli aliliweka kiganjani, akaligeuzageuza. Udongo! Udongo uliopita motoni, ukafika angani, ukarudi.

Na bado, wapendwa, akawasha mashine ya kusugulia. Mkewe, Ndeshi, akaingia.

"Baba Aikande, unafanya nini?"

"Nalilainisha. Mtoto atavaaje kitu chenye makovu siku ya harusi yake?"

"Ukishayaondoa, litakuwa na tofauti gani na kipande cha chupa?"

Kundaeli akaitazama mashine ikizunguka. Akaizima. Aikande aliolewa akiwa amelivaa hivyo hivyo, na kila aliyelishika aliuliza limepitia wapi.

Sasa sisi je? Nani humu kanisani hajapigwa? Kuna aliyezika mtoto. Kuna aliyetoka kwenye pombe akitambaa. Mungu ametuokota kwenye moto ule, sisi udongo mtupu, akatupitisha mahali ambapo hatukustahili kutoka hai. Halafu Jumapili tunakuja tumejisugua, tunang'aa, tumefanana wote! Na yule anayeungua leo, aliyekaa kwenye benchi lako, anakutazama na kudhani yuko peke yake.

Usitoke mlangoni kabla hujamgeukia. Mwonyeshe ulipopigwa. Mwambie ni nani aliyekushika.